Nywila ukutani

Jana kijana wa fildi alibonyeza mshale wa juu kwenye terminali, amri yake ya kuingia kanzidata, `mysql -u ripoti -p`, ikarudi nzima nzima, nywila imegandana na hiyo `-p`. Nikamtazama. "Mbona inafanya kazi, kaka?"

Inafanya. Hata yangu ilifanya kazi, miezi minane.

Ilikuwa Postgres, programu nyingine ya kanzidata. Bakapu ya usiku ilikwama, nikaianzisha kwa mkono mchana, kisha nikaingia kuwaonyesha wenzangu namna ya kusoma mzigo wa seva. Nikaandika `ps aux`, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa pamoja na amri zake, nikabonyeza enta. Pale ukutani, projekta ikiwaka kwelikweli, amri ya bakapu: `pg_dump postgresql://meneja:` na baada ya nukta mbili, nywila yenyewe. Aliyekaa mbele akauliza, kwa adabu kabisa, kama hilo ni jina la mke wangu. La mama, nikasema. Bakapu ile huchukua dakika 40, na muda wote huo yeyote mwenye akaunti kwenye seva, hata asiye na sudo (mamlaka ya msimamizi), angeusoma mstari ule. Programu ya mysql walau huifunika nywila kwa x, ingawa huchelewa kidogo na mwenye bahati akaiwahi. pg_dump haijisumbui.

Nikabadilisha nywila kwa `\password` ndani ya psql, terminali ya Postgres, maana amri ya ALTER ROLE ingeiacha wazi kwenye `.psql_history`, kumbukumbu ya amri, pengine na kwenye logi. Nikaandika `.pgpass`, faili ambalo pg_dump husomea nywila: seva:poti:kanzidata:mtumiaji:nywila. Ikapuuzwa, ruhusa zilikuwa 0644, yaani wengine waliweza kulisoma. Nikapiga `chmod 600`, libaki la mwenyewe tu. Ikakataa tena: nywila mpya ilikuwa na nukta mbili ndani yake, nazo hutanguliwa na mkwaju wa nyuma. Usiku cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, nayo ikagoma, kwa kuwa iliendeshwa na mtumiaji mwingine, ambaye folda yake ya nyumbani haikuwa na faili lile.

Kijana nimempa `mysql_config_editor set --login-path=ripoti --user=ripoti --password`, inayouliza nywila bila kuionyesha; baada ya hapo ni `mysql --login-path=ripoti` tu. Akachungulia `.mylogin.cnf`, faili inamohifadhiwa nywila hiyo, akakuta vurugu ya herufi, akafurahi: "Imesimbwa!" Nikamwambia imefichwa tu, atakayelinakili faili ataifumbua.

"Sasa kaka, tofauti iko wapi?"

Nikamwambia abadilishe nywila kwanza, aufute na ule mstari kwenye `.bash_history`, kumbukumbu ya amri za terminali. Mengine tutaongea baada ya chai.