Milano hadi Firenze kwa gari la kukodi: faini inaifuata namba ya gari

Pale Milano, kabla ya kusaini, niliutafuta kwanza ukurasa wa mkataba unaohusu faini. Maandishi yake ni madogo, lakini pesa iko pale: kila polisi wanapoiuliza kampuni nani alikuwa na gari siku fulani, kampuni inakata ada kwenye kadi yako kwa kazi ya kujibu, mara nyingi kati ya yuro 30 na 60. Ada hiyo si faini. Ni malipo ya kutoa jina na anwani yako, basi. Faini yenyewe inakuja baadaye kutoka kwa polisi wa mji husika, kwa barua. Wasafiri wengi wakiona kadi imekatwa wanadhani mambo yamekwisha, barua ikifika wanaiweka kando, na deni linaanza kukua.

Kwa hiyo anwani ya Dar es Salaam niliiandika yote, sanduku la posta na namba ya simu humo humo. Barua ikipotea, siku zinaendelea kuhesabiwa. Sheria ya Italia inawapa polisi siku 360 za kumfikishia faini mtu anayeishi nje ya nchi, na kwa gari la kukodi hesabu hiyo huanza wanapopata jina la dereva. Kuifungua barua karibu mwaka mzima baada ya safari ni jambo la kawaida. Leseni ya kwetu nayo iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, ukichukue nyumbani kabla ya kusafiri. Halafu nikapiga picha namba ya gari mbele na nyuma, na dashibodi ikionyesha saa na kilomita.

Gari nililichukulia nje ya katikati ya mji makusudi. Ndani kuna Area C, ambayo unaruhusiwa kuingia siku za kazi ila kwa kulipia, yuro 7.50 tangu Oktoba 2023. Sikuwa na haja nayo, nikashika barabara kuu ya A1 kuelekea kusini.

Kwenye lango la kuingilia unabonyeza kitufe, mashine inatoa tiketi. Itunze. Ukiipoteza utatozwa kama uliyetoka lango la mbali kuliko yote. Wakati wa kutoka, angalia mabango ya juu mapema: njano ni ya wenye Telepass, kifaa cha kulipia barabara kinachobandikwa kwenye kioo, bluu ni kadi, nyeupe ni pesa taslimu. Gari lililokuwa mbele yangu lilijikuta kwenye njia ya njano bila kifaa, na kizuizi kikagoma. Usirudi nyuma hata ukipigiwa honi, maana kurudi nyuma hapo ni kosa kubwa kuliko kukosea njia kwenyewe. Bonyeza kitufe cha msaada, mashine itakutolea karatasi ya malipo yasiyokamilika, kizuizi kinafunguka. Una siku 15 za kulipa bila nyongeza. Usipolipa, karatasi inaenda kwa kampuni, na ada ile ya kampuni inaongezeka juu yake.

Mwendo wa juu kwenye barabara hizi ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha ni 110. Kwetu dereva anayekuja anakuwashia taa kukuonya kwamba mbele kuna tochi, unapunguza, ukishapita unakanyaga tena. Kwenye A1 ujuzi huo haukusaidii. Kuna mfumo unaoitwa Tutor: kamera ya kwanza inanakili namba yako na saa uliyopita, ya pili, kilomita kadhaa mbele, inafanya vivyo hivyo, kisha umbali unagawanywa kwa muda. Ukikanyaga mafuta katikati na kupunguza mbele ya kamera, wastani unakuumbua. Wanakuondolea asilimia 5 ya mwendo uliopimwa, isipungue kilomita 5. Ukipimwa 145, unahesabiwa 137.75, na kuzidi hadi kilomita 10 faini yake inaanzia yuro 42. Ukipimwa 150, unabaki na 142.5, umevuka zile 10, na faini inaruka hadi 173. Kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi inaongezeka theluthi moja. Kutoka Bologna kupanda milima ndipo niliposhika njia mpya iliyofunguliwa mwishoni mwa 2015. Ina mahandaki marefu na imenyooka, mguu unazidi kuwa mzito bila wewe kujua. Nilifunga kidhibiti mwendo kwenye 125.

Firenze ndiko faini zinakozaliwa. Katikati ya mji ni ZTL, eneo la magari yenye ruhusa tu. Siku za kazi kamera zinaanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumamosi hadi saa kumi jioni, na majira ya joto kuna usiku wa ziada. Bango ni duara jeupe lenye mzingo mwekundu, pamoja na ubao wa umeme. Ubao ukisema ATTIVA, kamera inafanya kazi na wewe huruhusiwi, ingawa mgeni anaweza kudhani lango liko wazi. Hakuna askari wala kizuizi. Programu ya ramani inaweza kukupitisha humo moja kwa moja.

Asiye na mizigo mizito aegeshe Villa Costanza, maegesho unayoingia moja kwa moja kutoka A1, kisha apande tramu ya T1 hadi mjini. Mimi nilikuwa na mama yangu, miguu inamsumbua, na hoteli ilikuwa ndani ya ZTL. Hoteli zinaruhusiwa kuisajili namba ya gari la mgeni anayeshusha mizigo. Niliwatumia namba kwa barua pepe, na mapokezi nikaomba uthibitisho wa maandishi.

Miezi ikapita, barua ikafika: *verbale*, yaani notisi ya faini, yenye mtaa, saa, namba ya gari, kifungu cha 7 cha sheria ya barabara, na yuro 83 pamoja na gharama za posta. Nikautoa uthibitisho wa hoteli. Tarakimu mbili za namba zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Hapo usiharakishe kulipa, kwani ukilipa umekubali kosa na mlango wa rufaa umefungwa. Niliwaandikia polisi wa manispaa kuomba faini ifutwe, nikaambatanisha nakala ya verbale, pasipoti, ukurasa wa mkataba wenye namba ya gari, na barua ya hoteli inayokiri tarehe na namba sahihi. Ombi hilo halisimamishi siku. Kwa hiyo niliandaa pia rufaa kwa *Prefetto*, mwakilishi wa serikali kuu mkoani; rufaa hiyo ni bure na ina siku 60, lakini ukishindwa unadaiwa angalau mara mbili ya kiwango cha chini. Njia nyingine ni *Giudice di Pace*, hakimu wa mashauri madogo, yuro 43 za kufungua shauri, linaloendeshwa kwa Kiitaliano. Kwa aliye Dar, naona haina faida.

Usiye na karatasi nzito kama ile, lipa ndani ya siku 5 tangu upokee barua: unapunguziwa asilimia 30, 83 inakuwa 58.10 ukiacha posta. Baada ya siku 60 inapanda hadi nusu ya kiwango cha juu, yaani 166. Benki iambie gharama zote zibebwe na mtumaji, na uandike namba ya verbale na namba ya gari kwenye maelezo. Benki ya kati ikimega hata yuro chache njiani, kilichofika kinahesabiwa malipo pungufu, na wanaendelea kukudai.

Jibu lilikuja faini imefutwa. Ada ya kampuni haikurudi, kwa sababu mkataba unaitoza kwa kujibu polisi, iwe faini imesimama au imefutwa. Niliidai hotelini kwa kuambatanisha taarifa ya kadi, wakairudisha. Karatasi zote nimeziweka faili moja, kwa kuwa deni la faini Italia linaweza kudaiwa hadi miaka 5.