Jinsi tulivyopitisha ramani ya kugawa shamba la baba jijini Arua

Arua ilipofanywa jiji Julai 2020, kijiji chetu upande wa Ayivu kiliingia mjini bila kuhama. Mihogo ilibaki mihogo na vumbi likabaki vumbi, lakini sasa ukitaka kukata ardhi vipande unapitia kamati ya mipango. Kwa kweli sheria ilikuwepo tangu 2010, maana Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka huo iliitangaza Uganda nzima, mjini na kijijini, kuwa eneo la mipango. Ila kwetu hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

Baba alituachia ekari moja na nusu yenye hati, na watoto tuko sita. Mambo ya mirathi sitayaeleza sana: tulipata cheti cha kutopinga kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha mahakama ikatupa barua za usimamizi. Wasimamizi tukawa kaka mkubwa na mimi. Baba alikuwa askari, tumekulia kambini, ndiyo maana hata kugombana tunagombana kwa Kiswahili.

Shamba ni jembamba na refu: mita 40 kwa upana, mita 150 kutoka barabarani hadi kwenye kijito kinachoteremka kuelekea mto Enyau. Kaka alikuwa amekwisha kugawa kichwani: vipande sita sawasawa, kila mtu mita 40 kwa 25, karibu desimali 25 (desimali mia ni ekari moja). Dalali naye alitushauri tukate za futi 50 kwa 100, zile za desimali kumi na moja na nusu, tuuze nyingi, na kamati tusiisumbue. Huyo tulimnywesha chai tukamsindikiza.

Tulichukua mpima aliyesajiliwa, na kabla hajafungua mashine yake nilimwomba twende pamoja kwa afisa mipango wa jiji na mchoro wa penseli tu. Hilo ndilo ningemshauri mtu yeyote. Karatasi ya penseli inafutika. Ramani ikishapigwa muhuri wa mpima, kila badiliko ni pesa. Afisa aliutazama mchoro wa kaka, akauliza swali moja: "Wa sita atapita wapi?"

Nilikuwa nadhani kamati itauliza juu ya nyumba tutakazojenga. Kumbe wanaokaa pale ni mhandisi, mtu wa afya, mtu wa mazingira, mpima wa serikali, na kila mmoja anaitazama ile ploti ya mwisho. Gari la kunyonya choo litafikaje? Bomba la maji litapita kwa nani? Moto ukiwaka je? Afisa wa mazingira yeye alianzia chini, kijitoni. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 30 ziachwe kando ya mito midogo, na 100 kwa ile mikubwa iliyotajwa humo kwa majina. Ardhi hainyang'anywi, inabaki yenu, ila hakuna kujenga wala kulima hadi ukingoni.

Hesabu ikawa hivi. Toa mita 30 za kijito, zinabaki 120. Toa njia ya mita sita ubavuni, upana unabaki 34. Gawanya kwa sita: kila mtu mita 34 kwa 20, karibu desimali 17. Kaka alipiga meza. "Dada, desimali nane zangu zimekwenda wapi? Nimpe nani barabara, na mimi ndiye niko mbele?"

Sikubishana naye nyumbani. Nilimpeleka mtaa mmoja wa zamani mjini ambako watu waliuziana viwanja bila kuacha njia. Tulipita katikati ya jiko la mtu ili kufika kwa rafiki wa kaka mwenyewe. Rafiki akatusimulia jinsi walivyotoa jeneza la mama yake: jirani alikuwa amejenga ukuta, wakalipitisha juu yake, wanaume wakipokezana. Kaka alirudi kimya. Kesho yake aliuliza tu kama njia inaweza kuwa upande wa mashariki, asipoteze mwembe wake. Iliwezekana.

Upande huo wa mashariki ndipo alipo mama mmoja mzee, jirani wa siku nyingi, na shida ikahamia huko. Afisa alipokuja kukagua pamoja na mwenyekiti wa LC ya kwanza, yaani baraza la kijiji, mama alisema hataki barabara mpakani. Ndugu zangu walidhani ni wivu. Nilimwuliza, "Mama, unaogopa nini hasa?" Akanionyesha nyumba yake: iko chini kidogo ya shamba letu. Njia ikishasawazishwa, mvua ya Agosti yote itashuka kwake. Alikuwa na haki kabisa. Mhandisi akachora mtaro upande wetu wa njia, unaoteremka hadi kwenye nyasi za chini, si moja kwa moja kijitoni. Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi ya majirani, akatupa na mahindi.

Jambo jingine lililotushika ni makaburi. Baba na babu wamelala juu karibu na barabara, ndani ya kipande cha kaka. Tulitaka kulinyamazia, mpima akakataa. Yakachorwa kwenye ramani, na familia ikaandika kwamba kila mtoto ana haki ya kufika pale, hata ploti ikiuzwa. Wakeze ndugu zangu nao waliweka sahihi, kwa kuwa sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kwa ardhi ambayo familia inaishi na kula kwayo.

Kamati ilipopitisha, mpima akapanda mawe ya mipaka, akajaza fomu za mgawanyo, na ofisi ya ardhi ya kanda hapa Arua ikatoa ramani za hati. Hapo ni foleni na subira tu, sina la kuongeza.

Ule ukanda wa kijitoni umebaki wa wote sita. Dada mdogo anataka mianzi, kaka anataka nyasi za ng'ombe. Afisa wa mazingira hana neno na vyote viwili, mradi jembe lisiguse ukingo. Jambo hilo tutalimaliza Krismasi, wote wakiwa nyumbani.