Arwa

Usiku huu nataka kuliandikia jina moja la kike ambalo huku pwani halisikiki sana: Arwa. Likitajwa tu, watu huuliza maana yake, na jibu wanalopewa mara nyingi ni la kubembeleza: uzuri, neema, mwenye kuridhika. Maneno matamu hayo, lakini kamusi za Kiarabu zinasema jingine, na mimi naliona zuri zaidi.

Mbuzi mwitu wa majabalini, yule ambaye dume lake lina pembe ndefu zilizopinda hadi kuukaribia mgongo, Waarabu humwita urwiyya. Wakiwa watatu hadi kumi, wanalugha wa zamani walisema arawi. Wakizidi hapo, ndio arwa. Kwa hiyo binti anayeitwa hivyo amebeba jina la kundi zima lililotanda mlimani.

Najua neno mbuzi linakwaza, maana kwetu kumwita mtu mbuzi ni tusi. Lakini aliyempa binti yake jina hili hakuwa akimfikiria mbuzi wa zizini. Alimwona mnyama anayesimama kwenye ukingo wa jabali, mahali ambapo mguu wa mwindaji haufiki. Katika mashairi ya kale ya Kiarabu, mnyama huyu ni mfano wa kitu kisichofikika. Huko Yemen walimchonga kwenye mawe tangu zama za ufalme wa kale wa Saba, na Hadhramaut pembe zake hupachikwa kwenye pembe za nyumba. Jina Rim, ambalo ni swala mweupe, limetoka katika mtazamo huohuo, na sisi wenyewe washairi wetu humsifu mwanamke kwa kumfananisha na paa.

Wanaosema maana yake ni "aliyekata kiu" nao hawakuokota hewani. Herufi za asili ni r, w, y, na mzizi huo unahusu kunywa maji hadi kutosheka, na pia kusimulia. Ndiko ilikotoka riwaya tunayoisoma kwa Kiswahili, na ndiko ilikotoka siku ya Tarwiya, tarehe 8 ya Mfunguo Tatu, ambapo mahujaji wa zamani walijaza maji kabla ya kwenda Arafa. Anayependa maana hiyo ana pa kusimama. Asiseme tu kwamba ndiyo pekee.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu zito. Mke wa Abu Lahab (ami na adui wa Mtume), yule mbeba kuni wa sura ya Tabbat katika Kurani, anajulikana kwa Ummu Jamil, lakini jina lake lilikuwa Arwa binti Harb. Wapo wanaolikataa jina kwa sababu hiyo. Wakumbuke kwamba shangazi yake Mtume aliitwa Arwa binti Abdul-Muttalib, na mama yake Sayyidna Uthman bin Affan aliitwa Arwa binti Kurayz. Mtume alikuwa akibadilisha majina yenye maana mbaya: mwanamke aliyeitwa ʿAsiya kwa herufi ya ain, yaani muasi, alimwita Jamila. (Huyo si Asiya mke wa Firauni, ambaye jina lake halina ain. Kiswahili chetu kinayaandika yote mawili sawa, kwa hiyo ukimpa mwanao jina hilo, angalia herufi ya kwanza ya Kiarabu.) Jina halichafuki kwa sababu mtu mmoja mbaya aliwahi kuitwa nalo.

Aliyelikuza zaidi ni Arwa binti Ahmad wa ukoo wa Sulayhi, malkia wa Yemen, ambaye waandishi wa kale humwita al-Sayyida al-Hurra, yaani bibi muungwana. Aliuhamisha mji mkuu kutoka San'a hadi Jibla, hotuba ya Ijumaa ikasomwa kwa jina lake, akafariki mwaka 1138 na kuzikwa ndani ya msikiti wake hukohuko Jibla. Baada ya al-Amir, khalifa wa Kifatimi, kuuawa Misri mwaka 1130, malkia alisimama upande wa mtoto mchanga wa khalifa huyo, al-Tayyib. Bohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanatokana na msimamo huo, na ndiyo maana kwao jina hili si geni hata kidogo.

Sasa uandishi, maana hapa ndipo jina linapoumizwa. Kwa Kiarabu ni herufi nne: alifu yenye hamza juu, ra, wau, na alifu maksura, ile inayofanana na ya lakini haina nukta: أروى. Mwisho wake ni uleule wa Salma, Lubna na Salwa. Ukiweka nukta mbili chini, umeandika arwi, yaani "ninasimulia", na jina limekwisha. Kosa hili ni jepesi kwa sababu wapo wanaoandika hata ya ya kawaida ya mwisho bila nukta, kwa hiyo mnakili akidhani zimesahaulika, huziongeza.

Kwa herufi zetu, andika Arwa. Ukiongeza h mwishoni, Arwah, msomaji wa Kiarabu atasoma arwah, roho, na mtu wa pwani atasikia arwahi. Kosa jingine ni la ulimi: r na w kukutana bila irabu kunatusumbua, tunachomeka u, inakuwa Aruwa. Hapo mkazo nao unahama, kutoka AR-wa kwenda a-RU-wa, na karani huandika anachosikia. Mpe jina kwenye karatasi, usimtamkie tu, kisha lisome kwenye cheti cha kuzaliwa kabla hujaondoka dirishani. Kosa la cheti huhamia kwenye vyeti vya shule na pasipoti, na kila hati inayoongezeka inafanya kulirekebisha kuwe kugumu zaidi.

Uturuki jina hili limependwa sana miaka ya karibuni, ila kwa kuwa Kituruki hakina w, wanaandika Erva. Arwa wa Mombasa akikutana na Erva wa Istanbul, huyo ni somo yake.