Kabla gari la kwanza halijaingia njiani

Mashabiki wa autokrosi (mbio za magari kwenye njia ya udongo) Nairobi huona mbio tu; kazi ya kuitengeneza njia hiyo hawaioni, na inaniuma. Maji humwagwa jioni ya kuamkia mbio, kidogo kidogo, yazame. Lori la maji likija asubuhi, juu panakuwa utelezi na chini pakavu, na mizunguko michache baadaye vumbi limerudi, dereva wa nyuma haoni kitu. Kona ndizo huchimbika kwanza, maana matairi hukwangua udongo dereva akikanyaga mafuta kutoka. Fukia kwa murram yenye unyevu, shindilia kwa rola. Kifusi kikavu hutawanyika papo hapo. Na ambulensi ikiondoka na majeruhi, mbio zisimame hadi irudi au ije nyingine, hata watu wapige kelele vipi.