Pampu ya bumu imehama PTO: kazi ilipofikia

Shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, imeshatoka kwenye Massey Ferguson 290. Pampu ya dawa sasa inazungushwa na mota ya haidroliki, yaani inayosukumwa na oili ya trekta. Trekta iko Basotu kwenye ngano, bumu, yaani bomba refu lenye nozo za kupulizia, ni la mita 12.

Hesabu nilianzia kwenye maji. Lita 200 kwa hekta, mwendo kilomita 8 kwa saa: 200 × 8 × 12, gawanya kwa 600, ni lita 32 kwa dakika kwenye nozo. Ukiongeza yanayorudi tangini kukoroga dawa, tuseme 60. Kwa presha ya baa 3 hiyo ni kilowati 0.3 tu. Hata pampu ikipoteza nusu, nguvu ipo. Kinachosumbua ni mwendo wa kuizungusha pampu.

Oili inayotoka kwenye trekta tuliipima kishamba: mpira ndani ya galoni, injini kwenye mizunguko ya kazi. Lita 5 kwa sekunde 15, yaani 20 kwa dakika. Muuzaji aling'ang'ania nichukue mota ya cc 10 (oili inayomeza kwa mzunguko mmoja), eti kubwa ndiyo imara. Kwa oili hiyo ingezunguka mara 2,000 kwa dakika; ya cc 5 inakaribia 4,000, ukitoa inayovuja ndani. Na pampu ya sentrifugo ukiipunguzia mwendo nusu, presha inabaki robo. Nikachukua ndogo.

Kazi kubwa ilikuwa njia ya oili kurudi. Wengi huirudisha kupitia koplingi ya pili ya trekta (kiungio cha kuchomekea mpira wa oili), basi. Koplingi inabana, presha inajijenga nyuma ya mota, na anayeumia ni sili ya shafti, ile inayozuia oili kuvuja. Geji niliyofunga pale ilisimama baa 12. Fundi wa Katesh akachomelea nipeli kwenye kifuniko cha akiba cha kujazia oili, tukapitisha mpira wa inchi moja hadi chini ya usawa wa oili, maana ikimwagikia juu inatoa povu. Sasa mshale wa geji hautoki kwenye sifuri.

Kati ya matundu mawili ya mota kuna valvu ya njia moja. Dereva akifunga wenzo, pampu bado inazunguka kwa kasi yake. Valvu inaipa mota oili ya kuzungushia hadi isimame, isibaki ikivuta patupu.

Mlimani mizunguko ya injini ikishuka, presha ya dawa inashuka nayo. Wanaosema haidroliki inakuondolea shida ya mizunguko wana matrekta yenye mfumo unaorekebisha mtiririko wenyewe. Hili letu halina, kwa hiyo dereva anashuka gia mapema.

Bado joto. Baada ya saa moja ya kazi mkono haukai kwenye giaboksi, na oili ni hiyo hiyo ya gia. Nimepata kipoza oili cha lori, kitafungwa kwenye mpira wa kurudi kabla ya kupuliza dawa ya kutu, ule ugonjwa wa ngano. Geji inabaki palepale, nione kama nacho kitabana.