Sandwichi ya tuna na chizi, pilipili ya kueleweka

Wengi wakisikia tuna ya kopo wanawaza ile sandwichi ya baridi, mayonezi kibao, mkate umelowa mpaka ukiushika unakatikia mkononi. Hiyo mi sili. Ninayoisema hapa ni ya moto, mkate umekauka nje una rangi ya kahawia, ukiuma unasikia kruu, afu ndani chizi inavutika na kamasi zinaanza kukutoka kwa pilipili.

Kazi kubwa ni kuondoa maji. Watu wanafungua kopo, wanaliinamisha kidogo kwenye sinki, wanaona wamemaliza. Hapana jamani! Mtie samaki kwenye chujio (la zamani, sio lile la chai ya wageni, shombo haitoki kirahisi) umgandamize na mgongo wa kijiko hadi pasitoke hata tone, abaki mkavu anachambuka nyuzinyuzi. Kumpika tena hakuna haja, ameshaivia humohumo kwenye kopo kiwandani.

Kopo la gramu 170 linatosha sandwichi mbili za kushiba. Changanya na kitunguu maji na hoho kidogo, katakata vidogo kabisa, majani ya giligilani, pilipili manga, ndimu matone machache na mayonezi kijiko kimoja cha chakula, usizidishe maana utarudisha ule ulowevu tuliotoka kuukimbia. Chumvi onja kwanza, tuna ina chumvi na chizi nayo ina chumvi.

Sasa pilipili. Mi natia pilipili mbuzi nzima na mbegu zake, na usiniogope, chizi inapoza sana, ule ukali unayeyuka kwenye mafuta na protini ya maziwa nayo inaudaka, ndo maana mtu akiungua na pilipili anapewa maziwa sio maji. Kwa hiyo mchanganyiko ukiuonja kwenye bakuli ukaona uko sawasawa basi ujue kwenye mkate utakuwa umepoa, ongeza.

Chizi ikwangue, usiweke mapande, mkate utaungua kabla haijayeyuka. Chedda ina ladha, mozarela inavutika, ukiwa nazo zote mbili changanya. Zile slesi za kwenye nailoni zinayeyuka vizuri tu ila ladha yake ndo hivyo tena, mfuko ukikataa tumia hizohizo. Tandaza chizi chini, tuna katikati, chizi juu, ikiyeyuka inashika mkate pande zote na samaki hamwagiki.

Paka siagi upande wa nje, weka kwenye chuma cha chapati, moto mdooogo, funika. Ukiwa na haraka kaanga yai ule zako, hii haitaki haraka. Baada ya dakika tatu hivi chungulia chini, ikishapata rangi geuza, kandamiza kidogo na kijiko cha chapati, safari hii usifunike ili mvuke utoke. Ikitoka iache kama dakika moja ndo ukate, la sivyo chizi yote inakimbilia kwenye sahani.

Mi nakula na achari ya embe na chai ya rangi ya tangawizi. Mchanganyiko ukibaki weka kwenye friji, kesho yake asubuhi uukunje ndani ya chapati na chizi kidogo, uirudishe kwenye chuma, na hiyo nayo usiniulize.