Nilihamia Ujerumani au sikuhamia? Inategemea nani anahesabu

Mwezi wa nane 2019 karani wa sensa aliingia kwetu Kisauni, Mombasa, na ile tableti yake, akamkuta mamangu, akamuuliza maswali yote yale ya nani amelala hapa na ana miaka mingapi, alafu akafika kwa swali ambalo mamangu hakulitarajia: kuna mtu wa nyumba hii ametoka akaenda kuishi nchi nyengine? Mamangu akasema yupo mmoja, binti yangu, yuko Ujerumani. Karani akabonyeza bonyeza pale, basi, nikawa nimeandikwa nimehama Kenya.

Mi wakati huo niko mji mdogo karibu na Kassel, nimeshika mkono mtoto wa watu tunavuka barabara. Nilikuwa nimeenda kama opea, yaani unakaa na familia, unawaangalilia watoto, wanakupa chumba na chakula na pesa kidogo ya matumizi na wewe unasoma Kijerumani. Niliingia mwezi wa kwanza nikarudi mwezi wa kumi na moja. Miezi kumi.

Sasa nilihamia Ujerumani au sikuhamia? Hili swali limenikaa kichwani tangu 2024, pale Rais Ruto alipoenda Berlin mwezi wa tisa wakasaini ule mkataba wa wafanyakazi na serikali ya Scholz, chansela wa Ujerumani wakati huo, na magrupu yote ya WhatsApp yakajaa ati Wakenya 250,000 wanachukuliwa Ujerumani. Hata BBC waliandika hio namba. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikatoka ikasema hapana, kwenye mkataba hakuna idadi yoyote. Lakini namba ilikuwa imeshatembea, nilipigiwa simu na watu wa Likoni mpaka Malindi wananiuliza mbona hio nafasi sijawaambia. Hapo ndio nikaanza kusoma mwenyewe, hizi namba za watu wanaohama zinatoka wapi, nani anazihesabu na anahesabu vipi, na nilichokikuta kimenishughulisha sana kwasababu ni maisha yetu yale.

Skia, Umoja wa Mataifa waliandika maana yao vizuri mwaka 1998. Mhamiaji wa muda mrefu ni mtu aliyehamisha makazi yake ya kawaida akaenda nchi nyengine kwa muda usiopungua miezi 12. Wa muda mfupi ni kuanzia miezi mitatu lakini haufiki mwaka, na hapo wametoa watu walioenda likizo, kutembelea jamaa, biashara, matibabu ama hija. Kwa hesabu hio mimi na miezi yangu kumi ni wa muda mfupi, kwenye ile namba kubwa inayotajwa kwenye habari sitakiwi kuwemo.

Lakini Ujerumani hawakungoja mwaka uishe. Kule ukihamia nyumba una wiki mbili uende ofisi ya manispaa ukajiandikishe, wenyewe wanaita anmeldung, na bila hio karatasi huwezi kitu, sio benki sio nini. Mama mwenye nyumba alinipeleka wiki ya kwanza tu. Na takwimu zao za kitaifa za watu walioingia zinatoka kwenye rejista hio hio, ukiandikishwa umehesabiwa. Tena wanahesabu safari, hawahesabu vichwa, manake mtu akiingia na kutoka na kuingia tena ndani ya mwaka mmoja anakuwa ameingia mara mbili.

Shida iko kwa kutoka. Kuingia kila mtu anajiandikisha kwasababu anahitaji ile karatasi, kutoka nani anakumbuka? Mi nilitakiwa niende nijiondoe na sikwenda. Nilikuwa na masanduku, na kulia, na watoto wameng'ang'ania miguu yangu mlangoni, sikukumbuka ofisi. Nilikuja kutolewa mwezi wa tatu 2020 pale mama mwenye nyumba alipopata barua yenye jina langu akawaambia huyu ameshaenda kwao. Kwahivyo kwa karatasi nilikaa Ujerumani miezi 14. Yaani ukitumia kipimo cha miezi 12 mimi nimevuka, na huku nilikuwa Kisauni zamani nakula mahamri kwa mbaazi.

Nikadhani ni mimi peke yangu. Kumbe Ujerumani walipofanya sensa 2011 walikuta watu wao ni pungufu ya kama milioni 1.5 kuliko walivyokuwa wakijihesabia, na milioni 1.1 kati ya hao ni wageni. Miaka nenda miaka rudi watu wanaondoka hawaagi, majina yanabaki vitabuni yanaishi. Sensa ya 2022 ikakuta tena pungufu ya kama milioni 1.4.

Na kila nchi ina saa yake. Uholanzi wanakuandika ukiwa utakaa angalau miezi 4 ndani ya miezi 6, na kutoka ni ukienda nje miezi 8 ndani ya 12. Norway ni miezi 6. Sweden lazima uwe unategemewa kukaa mwaka mzima. Yaani mimi ni yule yule, begi ni lile lile, mkataba ni ule ule wa chini ya mwaka, lau ningeshuka Stockholm badala ya Frankfurt ile rejista yao nisingeingia kabisa. Kwahivyo mtu akikuonyesha jedwali ati Ujerumani imepokea wageni wengi kuliko Sweden mara kadhaa, kweli Ujerumani ni kubwa na inapokea wengi, lakini sehemu ya tofauti hio ni kalenda tu. Umoja wa Ulaya waliona hivyo wakatunga sheria 2007 kwamba namba zote zinazoletwa kwao ziwe za miezi 12, ikabidi nchi kama Ujerumani zikae zikadirie upya kutoka kwenye data zao. Ndio maana ukitafuta utakuta namba mbili za mwaka mmoja za nchi moja, na zote zina muhuri wa serikali.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Poland na Ujerumani. Miaka ya mwanzo ya 2000 Ujerumani ilikuwa inaandika Wapolandi zaidi ya laki moja kwa mwaka wameingia kutoka Poland. Poland nao, watu wale wale, mpaka ule ule, wanaandika chini ya elfu ishirini wametoka kwenda Ujerumani. Hakuna aliyedanganya. Kwa Poland mtu ametoka akienda ofisini akajifuta makazi ya kudumu, na nani anajifuta? Mtu anafanya kazi Berlin miaka mitano, nyumba ya mamake bado ni anwani yake, chumba chake kipo, kwa moyo wake hajahama. Mi namwelewa kabisa huyo mtu. Hata kwetu ukimuuliza mzee ana kijana Jeddah miaka kumi na mbili atakwambia huyo yuko safarini tu.

Waliopatia kwa maoni yangu ni wale wa kaskazini, Denmark, Norway, Sweden, Finland na Iceland. Wana makubaliano yao tangu miaka ya sitini mwishoni: ukihama kutoka Sweden kwenda Norway, Norway ndio inaamua umehamia ama la, ikishakuandika inaiambia Sweden, na Sweden hapo ndio inakutoa. Hakuna kuwa sehemu mbili na hakuna kupotea katikati, na namba zao za kuingia na kutoka zinakaribiana sana. Nilipolisoma hili nilifikiria Lunga Lunga na Horohoro, pale mpakani mwetu na Tanzania. Mtu wa Vanga ana dada Tanga, anavuka leo na kurudi kesho, kila akipita kwa njia halali inaandikwa, hio ni kuvuka mpaka sio kuhama, ukiijumlisha mwaka mzima unapata mlima wa namba usiokwambia hata mtu mmoja aliyehamisha godoro lake. Na yule aliyehama kweli, kaoa Tanga kahamia kwa mke na miaka inapita, alivuka mara moja tu na muhuri wake ni kama wa yule wa kwenda harusini.

Uingereza nayo ni habari ndefu. Wao hawana rejista ya wakazi. Tangu 1961 walikuwa na wahojaji wanasimama eapoti na bandarini wanasimamisha abiria mmoja mmoja, wewe, unakuja kukaa muda gani? Walikuwa wanahoji watu kama 700,000 mpaka 800,000 kwa mwaka na ndani ya hao waliokuwa wahamiaji wa kweli ni elfu chache tu, na kutoka kwa hao elfu chache ndio inakadiriwa namba ya nchi nzima inayogombanisha wanasiasa. Alafu wanauliza nia. Mtu ametoka kwa ndege masaa nane amechoka, anaulizwa utakaa muda gani, atasema anachodhani ni salama kusema. Wapolandi na wenzao walipoanza kuja kwa wingi 2004 walikuwa wanashukia viwanja vidogo vya ndege za bei rahisi ambako wahojaji walikuwa wachache, wakapitwa. Baada ya sensa ya 2011 ofisi ya takwimu ikakiri kwamba kwa miaka kumi ile ilikuwa imepunguza hesabu ya ongezeko kwa watu 346,000. Na pale walipotoka Umoja wa Ulaya wakawaambia raia wa Ulaya wajiandikishe ili wabaki, makadirio yalikuwa kama milioni tatu na kitu, maombi yakapita milioni sita. Hao watu walikuwa wanaosha sahani na kujenga nyumba na kulea wazee miaka yote hio, mtaani wanaonekana, kwenye namba hawamo.

Korona ikaja 2020 wale wahojaji wakasimamishwa, sahi wanatumia data za kodi na za visa. Hata hivyo bado wanarekebisha: mwaka ulioishia Juni 2023 walisema walioingia ukitoa waliotoka ni 672,000, ikapandishwa ikawa 740,000, Novemba 2024 ikawa 906,000. Uchaguzi ulikuwa umeshapita. Watu walishapiga kura wakiwa na namba nyengine kichwani.

New Zealand nao walikuwa wanauliza nia kwenye kadi unayojaza ukitoka, wakaifuta Novemba 2018, sasa wanangoja. Wanaunganisha safari za pasipoti ile ile, wanaangalia ndani ya miezi 16 umekaa 12 ndani ama nje, ndipo wanasema huyu amehama. Ni ya polepole, inabidi usubiri mwaka na zaidi kujua mwaka huu ulikuwaje, lakini angalau wanahesabu kilichofanyika badala ya kilichosemwa. Marekani ndio wameacha kabisa kuhesabu wanaotoka, tangu 1957. Na wanaoingia, ile namba yao rasmi ni ya waliopewa grinikadi, kile kibali cha kuishi kule moja kwa moja, mwaka huo, na wengi wao walikuwa ndani tayari. Binamu yangu aliingia 2006 kama mwanafunzi, akapata grinikadi 2014, kwenye jedwali lile ni wa 2014. Miaka minane alifanya kazi usiku, akazika babake kwa simu, na kwa jedwali lile bado hajafika.

Lakini linaloniuma hasa ni Ghuba. Dada zetu wanaoenda Saudia na Qatar na Oman hawaitwi wahamiaji, wanaitwa wafanyakazi wa mkataba, wapo kwa sababu ya mwajiri na mwajiri akimaliza wameisha. Sensa ya Saudia ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2 na milioni 13.4 kati yao si raia, zaidi ya wanne katika kila kumi, na huko wanachukuliwa kama watu wa kupita. Mtu aliyemlea mtoto wa watu kutoka titi mpaka shule ni wa kupita. Na upande wetu wa kutoka ndio hakuna kitu cha kushika. Pale eapoti Moi anagongewa muhuri sawa na mtalii anayerudi kwao. Akibadilishiwa mwajiri, akitoroka, simu ikinyamaza, familia inaanza kuzunguka ofisi na picha mkononi kwasababu hakuna daftari linalosema fulani alitoka tarehe fulani, yuko nyumba fulani, na hajarudi. Nimekaa na mama mmoja jirani yetu kwenye mabenchi hayo. Alikuwa amebeba nakala ya pasipoti ya bintiye ndani ya mfuko wa nailoni, anaifungua kila akiulizwa na anaifunga tena polepole.

Ndio maana lile swali la karani mimi naliheshimu, maanake ni moja ya mahali pachache ambapo nchi yetu inauliza nani ametoka. Ila lina tundu lake na mamangu ndiye aliyeliona kabla yangu. Ukuta kwa ukuta na sisi kulikuwa na familia, baba alitangulia Kanada, akamvuta mke, mwisho wakafuata watoto wote wanne na nyanya yao, nyumba ikafungwa kufuli. Karani alipomaliza kwetu akatoka, akagonga pale, kimya. Mamangu akamfuata mpaka nje na leso yake akamwambia hao wako saba, wote wako Kanada, mi nawajua majina, niandikie. Yule kijana akamwambia mama, siwezi, lazima anijibu mtu wa nyumba yenyewe. Mamangu akamuuliza, sasa wakienda wote atakujibu nani? Akaangalia tableti yake, akaangalia ule mlango, akasema samahani mama, akaenda nyumba ya tatu.